Kuosha gari mwenyewe nje bila kuua rangi (kwa sisi wa vumbi la Mbeya)

Mwaka jana mwezi wa nane shemeji yangu aliazima gari akaenda nayo Kitulo kupitia Isyonje, karudi usiku, asubuhi kabla sijaamka kachukua tambara kavu kaifuta yote, boneti, milango, mpaka buti, alafu kaja kunigongea dirisha, "shemeji nimekutolea vumbi". Nikamshukuru kabisa. Gari yenyewe nyeusi. Jua lilivyotoka vizuri ndo nikaona boneti imejaa mikwaruzo midogo midogo ya kuzunguka kama utando wa buibui, nikaosha haitoki, nikaosha tena haitoki, ikabidi ikapigwe polishi ya mashine na mpaka leo mlango wa dereva ukiuangalia kwa upande bado unaiona. Sikumlaumu maana na mi nilikuwa nafanya hivyohivyo kwa miaka, sema gari yangu ya kwanza ilikuwa silva na silva inaficha siri.

Kitu ambacho watu wengi hatukijui ni kwamba ile inayong'aa juu ya gari sio rangi yenyewe, ni klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi linaloilinda, na klia ya kiwandani ina unene wa kama mikroni 40 hadi 50 tu (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), unywele wa kichwani kwako mara nyingi ni mnene kuliko hapo. Sasa chukua vumbi letu, udongo wa huku mwingi umetokana na majivu ya volkano, hii milima ya Rungwe na Ngozi unayoiona imetulia zamani ilikuwa inatema moto, chota kidogo sugua katikati ya vidole utasikia unavyokwaruza. Hilo ukilifuta kavu juu ya klia unakuwa umepiga msasa, tena msasa wa bure. Kwahiyo ukisahau mengine yote shika hili moja, usisugue sehemu ambayo vumbi lake halijatelemshwa kwanza na maji.

Muda wa kuosha nao una maneno. Watu wanadhani Mbeya ni baridi kwahiyo jua halina shida, aisee tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni ya baridi lakini jua ni kali, weka kiganja juu ya boneti saa sita mchana mwezi wa saba, wewe umevaa koti na boneti inachoma. Ukiosha hapo povu linakauka kabla hujalisuuza na linaacha madoa. Mi naosha asubuhi saa mbili na nusu au saa tatu, kivulini upande wa nyumba, kabla upepo haujaanza, maana kuanzia mwezi wa nane upepo ukishashika kasi unakausha gari huku unairudishia vumbi. Jioni saa kumi na nusu pia sawa. Usiegeshe chini ya mti kwasababu ya kivuli, mkaratusi na mpaini vinadondosha utomvu na ndege wanafanya yao. Na kwa wale wa Uyole, Makete na Njombe, ukiamka ukakuta sakitu (ile barafu nyembamba ya alfajiri) kwenye kioo usimwagie maji ya moto, kioo kinaweza kupasuka pale pale, washa gari iache ipate joto taratibu.

Vifaa sio ghali. Ndoo mbili za lita 20, shampuu ya gari (sio sabuni ya unga, nakuja hapo), glavu ya maikrofaiba ile yenye manyoya kama vidole vidole au sponji laini jipya, brashi ya zamani na tambara la hovyo kwa ajili ya matairi tu, na mataulo mawili matatu. Kama maikrofaiba hupati au bei imekukataa, nenda kwenye mitumba Mwanjelwa au Sido tafuta mataulo ya pamba yale mazito yaliyochoka choka, kata pindo zote na ile lebo, hivyo ndo vinakwaruza, fua mara mbili bila ile dawa ya kulainisha nguo kwasababu inaacha utando na taulo halinyonyi maji. Tisheti ya zamani yenye maandishi ya mpira hapana.

Sabuni ya unga tunaipenda kwasababu ipo ndani na inatoa uchafu kweli, shida inatoa na waksi yote (ile nta inayopakwa juu kulinda rangi), na ile chengachenga ambayo haijayeyuka inaenda kukwaruza. Sabuni ya maji ya vyombo ina nafuu kidogo lakini nayo inaondoa waksi, itumie siku ambayo umepanga kupaka waksi upya. Dodoki la kusugulia sufuria hata usililete karibu, nimeona mtu analitumia kwenye taa.

Anza na matairi na rimu, kwa maji yake na tambara lake, kwasababu pale kuna unga wa breki wenye chuma ndani yake, na hilo tambara likiisha kazi liweke mbali kabisa lisije likachanganyika. Niliwahi kupeleka gari sehemu moja ya kuoshea magari, kijana kasugua rimu nne, katumbukiza kitambaa kwenye ndoo, kakikamua, kapanda nacho kwenye boneti. Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka.

Baada ya hapo ni kulowesha, na hapa usiwe na haraka, hii hatua ndo kazi yenyewe, zilizobaki ni mapambo. Kama una mpira wa maji sawa, anzia juu kwenye paa shuka chini, maji mengi yatelemke, usiguse kwa mkono. Kama una mashine ya presha simama mbali kidogo, sentimita 30 na kuendelea, mdomo wa kutawanya sio ule wa sindano, na usielekeze kwenye sehemu ambayo rangi imeshaanza kubanduka au iliyopigwa rangi juzi. Maji ya bomba yakikatika, na yanakatika, kuna ujanja naupenda sana, lile bomba la mgongoni la lita 16 la kupulizia viazi, nunua jipya la gari peke yake (lililowahi kubeba dawa ya magugu achana nalo), pampu, pulizia gari nzima, subiri dakika tano vumbi lilainike, pulizia tena. Unaosha gari na ndoo tatu jumla. Kopo la kumwagilia bustani nalo linafanya kazi. Gari ikitoka kwenye tope la masika loweka mara mbili, matope ya chini ya milango na nyuma ya matairi yalainike yadondoke yenyewe.

Sasa povu. Ndoo moja ina shampuu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, nyingine maji matupu. Chovya glavu kwenye povu, pitisha kwa mstari ulionyooka, paa kwanza, vioo, boneti, juu ya milango, chini ya milango na bampa mwisho kabisa kwasababu ndo kuchafu, na kila ukimaliza kipande suuza glavu kwenye maji matupu kabla ya kurudi kwenye povu. Ukimaliza angalia chini ya ile ndoo ya kusuuzia utaona mchanga umekaa, huo wote ulikuwa unarudi kwenye rangi yako enzi za ndoo moja. Usikandamize, uzito wa glavu yenyewe unatosha. Usizungushe mkono kama unapiga deki. Na glavu ikidondoka chini usiipanguse kwenye suruali ukaendelea, isuuze mpaka iwe safi au chukua nyingine. Osha upande mmoja, suuza, ndo uende mwingine.

Kinyesi cha ndege usikikwangue na kucha, kinakula klia kikikaa juani kwahiyo kitoe mapema, weka kitambaa chenye maji juu yake dakika kumi alafu kinyanyue. Wadudu wa usiku wa kule Igawa na Makambako hivyohivyo. Matone ya lami, ambayo tumeyapata wengi tangu wanapanua barabara yetu kubwa, tumia mafuta ya taa kidogo sana kwenye kitambaa laini, alafu osha hapo hapo kwa shampuu. Utomvu wa mpaini, wenzetu wa Mafinga mnanielewa, spiriti kidogo, kwa upole.

Kukausha ndo kunakoharibu kazi ya watu. Wengine wanaacha gari ijikaushe, maji yakikauka yanaacha chumvi zake, hasa ya kisima, unabaki na madoa meupe ya duara (yakishatokea siki na maji nusu kwa nusu, futa, suuza mara moja). Wengine wanasugua. Fanya hivi, suuzo la mwisho toa kifaa cha kupulizia, maji yatoke kwa utulivu mdomoni mwa mpira au kwenye jagi, yatashuka kama shuka na kuondoka na sehemu kubwa ya matone. Alafu tandaza taulo lote juu ya boneti, lishike pembe mbili, livute taratibu kuja kwako, usisugue, likilowa kamua au badilisha. Milangoni bonyeza bonyeza tu. Fungua milango, buti na kifuniko cha mafuta ufute kwenye kingo, na vioo vya pembeni vitaendelea kudondosha machozi hata dakika kumi baadaye, rudi uvifute.

Waksi paka kwenye gari kavu iliyopoa, kidogo kidogo, kila miezi miwili mitatu, utaona siku ya kuosha vumbi linaondoka lenyewe kwa maji. Dizeli ya kung'arishia matairi na plastiki acheni, inakula mpira na inakamata vumbi mara mbili.

Mtoni usipeleke gari hata kama pana maji ya bure, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na kuna watu huko chini wanachota hayo hayo. Osha kwenye majani au changarawe maji yazame. Ukimaliza zunguka nayo mtaani taratibu huku unakanyaga breki mara mbili tatu zikauke, ukiipaki zimelowa ikalala utakuta diski zina kutu asubuhi, alafu mataulo yafue peke yake na usiyaanike chini kwenye nyasi.