Kurekodi muheme kwa kamkoda bila sauti kupasuka

Sherehe ya kwanza niliyorekodi kule Chamwino, nilirudi Dodoma mjini na picha safi na sauti mbovu. Akina mama walipiga muheme, ngoma za Wagogo, vizuri mno, lakini kwenye kanda kila pigo lilikwaruza kama gunia linaloburutwa kwenye changarawe. Iliniuma. Sauti ikishapasuka, hakuna programu ya kuirudisha ilivyokuwa.

Kwanza kabisa, zima mpangilio wa sauti wa otomatiki. Ngoma zikinyamaza, wenyewe unapandisha sauti. Zikirudi ghafla, zinakuta iko juu. Weka kwa mkono. Waombe wapigaji wapige kwa nguvu zao zote, usikubali ya kujaribu tu, huku ukishusha kiwango cha sauti hadi mshale wa kipimo cha sauti ucheze karibu na desibeli -12. Usiguse 0. Kama kuna kipunguza sauti cha maikrofoni, kiwashe.

Vaa hedifoni zinazoziba masikio. Spika zikiwepo, usisimame mbele yake. Ila ukirudi nyuma mno, zeze linamezwa na ngoma. Mimi hutafuta mahali kwa kutembea taratibu nikisikiliza.

Na upepo wetu huu! Vika maikrofoni sponji nene.