Somo: Kufunga kamera bandani kwa ng'ombe anayekaribia kuzaa

Ndama akikutwa amekufa asubuhi, daktari wa mifugo akifika huuliza kwanza: ng'ombe alianza uchungu saa ngapi? Mara nyingi mwenye ng'ombe hana jibu, maana alimwacha saa tatu usiku akicheua, akamkuta saa kumi na mbili asubuhi mambo yameshaharibika. Kamera ya bandani haizalishi ng'ombe. Faida yake kubwa ni kukupa saa: alianza lini, chupa (mfuko wa maji ya uzazi) ilitoka lini, na muda gani umepita bila mabadiliko. Kila hatua hapa chini imelenga hilo.

Namwandikia mfugaji mwenye ng'ombe wawili hadi kumi, banda la mbao lenye paa la bati, nyumba ikiwa hatua chache kutoka hapo, kama tulivyo wengi Rungwe, Njombe, Arumeru na Hai.

Hatua ya 1: Fungua daftari kabla ya kununua chochote

Mimba ya ng'ombe huchukua wastani wa siku 283. Friesian na Jersey wengi hutangulia siku chache, wenye damu nyingi ya zebu hukaribia 290. Aliyehimilishwa tarehe 1 Machi anatarajiwa karibu tarehe 9 Desemba. Kamera iwe imewaka kufikia siku ya 270, yaani tarehe 26 Novemba kwa mfano huu. Hizo wiki mbili zitakusaidia kugundua kasoro za kamera mapema, na kumzoea ng'ombe mwenyewe: analalaje, hula saa ngapi, huamka mara ngapi usiku. Usipoijua hali yake ya kawaida, hutatambua siku atakapobadilika.

Hatua ya 2: Chagua aina ya kamera

Kama nyumba ina waifai na banda liko karibu, nunua kamera ya waifai. Kama shamba halina intaneti, ipo kamera inayoingiza laini ya simu moja kwa moja. Aina ya tatu hutumia waya wa mtandao unaobeba picha na umeme pamoja. Hiyo ndiyo imara kuliko zote, lakini waya wake usizidi mita 100, na wengi hatutaki kuchimba mtaro.

Kwa yoyote utakayochukua, hakikisha mambo manne: iwe na taa za infraredi za kuonea gizani, iwe ya kuhimili maji na vumbi (tafuta alama ya IP65 au IP66), iwe na nafasi ya memori kadi, na iwe na lenzi pana. Kwa chumba cha kuzalia cha mita 4 kwa 4, lenzi ya milimita 2.8 inatosha kuona kona zote. Lenzi ya milimita 6 itakuonyesha mgongo tu.

Hatua ya 3: Mahali pa kuifunga

Hapa usiwe na haraka. Kamera ya bei kubwa iliyofungwa vibaya inazidiwa na ya bei ndogo iliyowekwa mahali pake.

Unachotaka kuona ni nyuma ya ng'ombe, siyo uso. Ng'ombe akilala penye mteremko hupendelea kichwa kiwe upande wa juu, makalio upande wa chini. Kwa hiyo tazama sakafu ya chumba cha kuzalia imeinamia wapi, kisha funga kamera kwenye kona ya upande wa chini, kimo cha mita 2.5 hadi 3, ikiinama kidogo. Chini ya hapo ataifikia kwa ulimi, na ng'ombe akikizoea kitu kwa ulimi hakiachi. Juu zaidi ya hapo utaona mgongo na pembe.

Baada ya kuifunga, ingia chumbani ulale mahali anapolala yeye, kisha mtu mwingine atazame kwenye simu kama anakuona miguu hadi kiuno. Angalia hasa sehemu iliyo chini kabisa ya kamera, kwa sababu akilala ameuegemea ukuta huo, makalio yatajificha. Kama sehemu hiyo haionekani, sogeza kamera au ongeza ya pili kona ya mkabala.

Jambo jingine hulijui mpaka usiku uingie. Taa za infraredi zikigonga boriti au bati lililo karibu sana, mwanga unarudi kwenye lenzi, picha inakuwa nyeupe pembeni na ng'ombe anabaki kivuli cheusi. Shusha kamera sentimita 20 au 30 chini ya boriti. Utando wa buibui nao una kazi yake: uzi mmoja mbele ya lenzi unang'aa kama waya uliochomwa moto. Pitisha kitambaa kikavu kila baada ya siku mbili.

Hatua ya 4: Mtandao ufike

Kamera nyingi za waifai hupokea masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Simu yako ikiwa kwenye gigahezi 5 wakati wa kuunganisha, kamera haitaonekana, na watu huirudisha dukani wakidhani ni mbovu. Ingia kwenye ruta, tenganisha majina ya masafa hayo mawili, kisha unganisha tena.

Ruta ya kawaida hufika mita 30 hadi 50 penye uwazi. Bati huzuia mawimbi, ukuta wa matofali huyapunguza, na migomba iliyolowa mvua huyanyonya sana. Kamera iliyokubali vizuri Septemba inaweza kukatika Machi kwa sababu hiyo tu. Weka ruta dirishani, upande unaotazama banda. Kama haitoshi, nunua jozi ya antena za kurusha mtandao, moja ukutani kwa nyumba na nyingine bandani, zikitazamana bila kizuizi. Hizo huvuka mamia ya mita bila shida.

Hatua ya 5: Umeme

Kamera hula takriban wati 5, ruta takriban 7. Jumla wati 12, sawa na wati-saa 144 kwa usiku wa saa 12. Betri ndogo ya volti 12, ampea-saa 7, haifikishi hata masaa manne, kwa kuwa betri ya asidi usiishushe chini ya nusu. Kwa usiku mzima unahitaji angalau ampea-saa 24. Ukitaka sola peke yake, mchana na usiku, anza na betri ya ampea-saa 50 na paneli ya wati 100, na msimu wa ukungu ongeza. Betri inapochajiwa hupanda hadi zaidi ya volti 14, hivyo kati yake na kamera weka kifaa cha kutuliza volti.

Waya upite ndani ya bomba la plastiki, panya wasiufikie. Maungio yote yafungwe tepu ya mpira na kuwekwa ndani ya kiboksi: hewa ya mkojo wa ng'ombe hula shaba haraka kuliko mvua.

Hatua ya 6: Mipangilio

Sahihisha saa kwanza. Kamera nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani na saa ya China, masaa matano mbele yetu. Chagua saa ya Nairobi au UTC+3, na uifanye ionekane juu ya picha, ili uweze kumwambia daktari kwa uhakika kwamba chupa ilitoka saa nane na dakika kumi usiku.

Badilisha nywila ya kiwandani siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi sana duniani kwa kutumia tu nywila ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Zima taarifa za mwendo, kwa kuwa ng'ombe, panya na nondo watakupigia kengele usiku kucha mpaka uache kuzisikiliza. Na kama una kijana anayelala karibu na banda, mwambie kamera ipo na inaona wapi.

Hatua ya 7: Kusoma unachokiona

Siku za mwisho kiwele hujaa, uke hulegea, na kano za pande mbili za shina la mkia huzama. Kano hizo kamera haikuonyeshi, zishike kwa mkono kila jioni. Zikilainika kabisa, usiku huo tazama kila baada ya saa moja.

Uchungu ukianza, anaacha kula, anainuka na kulala mara kwa mara, anainua mkia na kugeuka kutazama ubavu. Hali hii huchukua saa 2 hadi 6, na kwa mtamba, anayezaa mara ya kwanza, inaweza kufika 12. Mwache. Kuingia bandani na tochi kila dakika kumi kunamchelewesha, na hapo kamera inakusaidia kwa kukubakiza nyumbani.

Chupa au kwato zikionekana, andika saa. Kuanzia hapo, ng'ombe aliyekwisha kuzaa akikaa nusu saa akisukuma bila maendeleo, au mtamba akikaa saa moja, piga simu kwa daktari au bwana mifugo. Piga mara moja, bila kungoja muda huo, ukiona mkia peke yake, mguu mmoja peke yake, kichwa bila miguu, au nyayo za kwato zikitazama juu.

Kumbuka picha ya infraredi haina rangi. Damu na maji ya uzazi huonekana vilevile, kijivu. Funga balbu moja ya LED ya wati 9 bandani, na kazi ikianza iwashe, kamera irudi kwenye rangi. Majimaji ya njano iliyoiva maana yake ndama amejisaidia ndani, amechoka. Kitu chekundu kama mahameli kikitangulia ndama ni kondo la nyuma lililoachia mapema. Yote mawili ni ya haraka.

Ndama akishatoka nenda mwenyewe: pua isafishwe, kitovu kipakwe tincha ya iodini, na dang'a (maziwa ya kwanza ya mama yake) limfikie ndani ya masaa mawili, lita 3 hadi 4 kwa ndama mkubwa wa Friesian. Kamera ibaki ikiwaka. Kondo likipitisha masaa 12 halijatoka, mweleze daktari.

MASWALI

Swali, kutoka Dar es Salaam: Mwalimu, habari za kazi. Ng'ombe wangu wako Tukuyu na mimi niko huku. Bando litakuwa kiasi gani, na itanisaidia kweli nikiwa mbali?

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Picha ya ubora wa juu hula karibu gigabaiti 0.9 kwa saa. Ukichagua ubora wa chini ni takriban megabaiti 230 kwa saa, hivyo dakika tatu za kuchungulia ni kama megabaiti 11 au 12. Rekodi ziingie kwenye memori kadi, zisipande mtandaoni. Kadi ya gigabaiti 64 hubeba siku tatu hivi za ubora wa juu kabla haijaanza kujifuta. Kuhusu umbali, itakusaidia endapo kuna mtu mwenye mikono pale. Mpigie, usimtumie ujumbe, maana usiku hatausoma. Na namba ya daktari wa Tukuyu iwe kwenye simu yake pia.

Swali, kutoka Kinangop: Yangu inafanya kazi mchana vizuri, lakini jua likitua inajizima na kujiwasha usiku kucha. Nimebadilisha ruta, bado. Stima iko sawa, nimevuta waya kutoka kwa nyumba, kama mita 40.

Jibu: Adapta iko wapi, nyumbani au bandani?

Kinangop: Nyumbani. Waya ni ule mwembamba wa spika.

Jibu: Tatizo ni hilo. Usiku taa za infraredi huwaka na kamera inavuta umeme mwingi zaidi. Volti 12 kwenye waya mwembamba wa mita 40 hupotea njiani, kamera inakosa nguvu, inazima, taa zinazima, inapata nguvu, inawaka tena. Fundi wa umeme apeleke stima yenyewe hadi bandani kwa waya unaostahili, soketi iwekwe juu penye ukavu, na adapta ichomekwe pale.

Swali, kutoka Njombe: Shikamoo mwalimu. Mimi nina simu kuukuu ya tachi. Naweza kuifanya kamera?

Jibu: Marahaba mwanangu. Unaweza, programu za bure zipo. Haina infraredi, kwa hiyo balbu lazima iwake usiku kucha. Haivumilii unyevu, na betri yake ikichajiwa wiki mbili mfululizo hupata joto na kuvimba. Iweke penye hewa, mbali na majani makavu, na uiguse kila siku. Kwa ng'ombe mmoja msimu huu itakufaa.

Swali, kutoka Moshi: Zile taa nyekundu hazimsumbui ng'ombe? Mama anasema zinamkausha maziwa.

Jibu: Mpe mama salamu zangu. Mwanga ule hauna madhara kwa maziwa wala kwa macho yake. Kama wekundu unamkera mama, zipo kamera za nanomita 940 ambazo haziwaki wekundu hata kidogo, ila gizani haziangazi mbali kama za 850. Kwa chumba kidogo zinatosha.

Swali, kutoka Hai: Je, kuna njia ya kumfanya azae mchana, tusikeshe?

Jibu: Ipo inayopunguza kukesha, bila kuondoa kabisa. Miaka ya 1970 mfugaji wa Manitoba, Kanada, aitwaye Gus Konefal, aliona kwamba ng'ombe wanaolishwa jioni huzaa zaidi mchana, na wengi wameifuata tangu hapo. Mwezi wa mwisho wa mimba peleka sehemu kubwa ya chakula saa kumi na moja jioni au saa moja usiku, na asubuhi usimwachie mabaki. Maji yawepo muda wote. Kamera usiizime, kwani wapo watakaozaa saa tisa usiku hata hivyo.