Kabla hujaingia chini ya gari

Masika moja, uani kwetu Wete, kisiwani Pemba, nilipandisha gari kwa jeki nibadilishe pedi za breki za mbele. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Jeki niliitia kwenye ukingo wa chini wa mlango, palepale panapotiwa siku zote. Nati tatu zikafunguka, ya nne ikagoma, nikaivuta spana kwa nguvu zangu zote. Nikasikia mlio wa bati linalokunjika, lakini sikuuelewa. Mzee jirani yetu, aliyekuwa barazani akishona wavu, ndiye aliyeelewa. "Baba, toka hapo! Gari inakaa chini hiyo!" Nilijitupa nyuma, na gari ikashuka kwa kishindo. Mguu wangu ulikosa gurudumu kwa shubiri moja.

Tulipoutazama ule ukingo, ndani ulikuwa umekwisha. Chumvi ilikuwa imeula kwa miaka, ikabaki rangi ya juu tu inayong'ara. Tangu siku hiyo sishiki spana kabla sijatazama mambo ninayoyaeleza hapa, na ningependa kila anayejitengenezea gari nyumbani ayatazame kabla hayajamfika kama yaliyonifika mimi.

La kwanza ni hiyo chumvi. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi na upana wa kilomita 23, basi hakuna nyumba iliyo mbali na bahari. Hata Chake Chake, inayoitwa ya katikati, imekaa juu ya hori. Gari zetu nyingi zimekuja zikiwa zimeshatumika Japani, na zikifika hapa tunazipakia ndoo za samaki na magunia ya mwani yanayochuruzika maji ya chumvi mpaka chini ya zulia. Kwa hivyo kabla ya kuinua gari, lala chini ukiwa na tochi na bisibisi wakati magurudumu yote manne yamekanyaga ardhi. Gongagonga kwa mpini wa bisibisi kwenye kingo za milango, kwenye fremu, na pale springi zinaposhikia. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito ya kufa, na ncha ya bisibisi ikisukumwa huzama. Ikizama, hapo si pa kutia jeki tena, na safari ya kwanza ya gari hiyo iwe kwa fundi wa kuchomelea. Tazama pia vile vipaipu vyembamba vya breki vinavyokwenda nyuma. Kikiwa kimevimba kutu au kimelowana mafuta, gari isitoke. Na ukishabeba samaki, osha kwa maji yasiyo na chumvi chini na ndani, si kwenye boneti na milango tu.

Pili ni mahali penyewe. Udongo wetu ni laini na nchi yetu ni vilima, na baada ya mvua jeki huzama polepole bila wewe kuona. Tafuta sakafu ya saruji au lami iliyo sawa. Ikiwa huna, weka chini ya jeki kipande cha ubao mnene, upana wa sahani ya pilau au zaidi. Magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa mawe, mbele na nyuma. Wengi wetu hutegemea hendibreki peke yake, na hapa pana jambo lisilofahamika na wengi: kwa gari nyingi hendibreki hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, hendibreki yako inashika magurudumu yaliyo hewani. Kinachoizuia gari hapo ni jiwe la mbele.

Nati za gurudumu hulegezwa robo mzunguko gari ikiwa bado iko chini, kisha ndiyo unapandisha. Mimi siku ile nililifanya hilo kinyume, na kule kuvuta ndiko kulikomaliza ule ukingo. Wakati wa kukaza, usizifuate kwa mduara. Kaza moja, uruke uende ya upande wa pili, gurudumu likae sawa. Ukishakwenda kama kilomita 50 zikaze tena, ambayo kwa kisiwa chetu ni karibu safari nzima ya kutoka kusini mpaka kaskazini.

Na jeki ni ya kupandishia tu. Haijatengenezwa ya kumlinda mtu aliye chini. Ukitaka kuingiza kichwa, bega au hata mkono mzima, gari ilale juu ya stendi za chuma. Usitumie matofali ya saruji. Nimeona watu wakiyapanga matatu matatu wakaridhika nayo, lakini tofali halitoi ishara: linapasuka kwa mara moja. Kama hakuna stendi mtaani kwenu, changeni watu wanne mnunue jozi moja. Na usifanye kazi hii peke yako nyumbani. Awepo mtu mzima anayekuona, watoto wakae mbali, na simu isiwe mfukoni mwa suruali uliyoilalia.

Baada ya hapo jiulize kazi yenyewe ni yako au si yako. Kubadilisha oili, plagi, kichujio cha hewa, balbu, mkanda wa feni, betri na tairi ni kazi ya mtu yeyote mwenye subira na spana zinazoenea. Pedi za breki mimi huzifanya, lakini nilifundishwa kwanza na fundi, nikazifanya mbele yake mara mbili. Paipu ya breki siifungui. Ikishafunguliwa huingia upepo, pedali huwa laini kama sifongo, na kuutoa upepo wote kunataka watu wawili na mtu anayejua. Usukani, springi zilizobanwa na mifuko ya hewa ya dashibodi humwachia mwenye gereji yake.

Kuhusu mafuta ya breki, tafadhali sana. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya kwetu ni ya unyevu mwaka mzima. Chupa iliyofunguliwa tangu mwaka jana si ya kutumia, hata kama imejaa. Yakishanywa maji, yanapopata joto kwenye mteremko mrefu maji hugeuka mvuke, na ukikanyaga pedali inakwenda mpaka chini bila kushika kitu. Aina imeandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake, DOT 3 au DOT 4, na ndiyo ya kufuata. Oili ya injini isitiwe humo hata tone, kwa sababu huvimbisha mipira yote ya breki.

Betri hutuvunjia safari nyingi asubuhi, na hasa joto ndilo linaloimaliza. Mita ndogo ya umeme hukutolea habari yake usiku wa kabla ya safari: betri iliyojaa, gari ikiwa imelala, husoma karibu volti 12.6, na ikiwa chini ya 12 imekwisha nguvu. Ukiwasha injini isome kati ya 13.5 na 14.7 hivi. Ikibaki 12, betri haina kosa, haichajiwi. Angalia mkanda, kisha alteneta inayochaji betri, kabla hujatoa pesa za betri mpya. Ule ukungu wa kijani na mweupe kwenye vichwa vyake huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, uukaushe, upake grisi. Ukitoa waya anza na wa hasi, ukirudisha umalizie na huohuo wa hasi, ili spana ikigusa bodi isitoe cheche.

Kuazima moto kwa gari ya jirani kuna utaratibu wake. Waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, uende chanya ya betri nzima. Mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ishikwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyokufa, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayowaka, ndiyo maana cheche ya mwisho haitakiwi iruke juu yake. Sigara izimwe.

Fyuzi ikikatika, tia yenye namba ileile: 10 kwa 10, 15 kwa 15. Waya wa shaba au karatasi ya pakiti ya sigara itafanya taa ziwake, na itaunguza nyaya ndani ya dashibodi.

Maji ya rejeta ni jambo linalonikera, kwa sababu gari nzuri nyingi hapa zinakufa kwa maji ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi au chokaa, na kila unapoongeza, utandu mweupe huganda ndani ya vijinjia vya rejeta mpaka vinaziba. Tia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, iliyochanganywa tayari, au changanya mwenyewe kwa maji yaliyosafishwa, yale wanayouza wenye betri. Kagua kila wiki injini ikiwa baridi. Ukiona yanapungua, yanakwenda mahali. Lala utazame mipira, pampu, na zulia la upande wa abiria kama limelowa. Washa kiyoyozi usikie kama feni ya rejeta inazunguka.

Sindano ya joto ikipanda njiani, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho ijapokuwa ni jua kali, utafute pa kuegesha kisha uzime. Boneti ifunguliwe, kifuniko kisiguswe. Ndani mna mgandamizo, na maji hayo yamepita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa. Ukiyafungulia yanachemka yote kwa pamoja na kukurukia usoni. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuubana kwa mkono mtupu. Hapo ndipo uweke kitambaa kinene na ufungue kidogokidogo. Usimimine maji baridi kwenye injini iliyokauka ikiwa bado moto, kwani silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, hupinda au kupasuka, na hedi ya gari yako inaweza ikawa haipo Chake wala Wete, ikabidi isubiriwe na meli kutoka Unguja au Dar es Salaam.

Hilo la meli ndilo linalonifanya niweke akiba nyumbani. Sina duka, nina boksi moja tu: mkanda wa feni wa saizi yangu, plagi seti moja, fyuzi mchanganyiko, balbu mbili za mbele na mbili za breki, mpira wa juu wa rejeta na vibanio vyake, na chupa ya mafuta ya breki isiyofunguliwa. Vikikaa ndani havina gharama, na mkanda ukikatika Ijumaa jioni huwezi kuungoja mpaka Jumatatu.

Tairi nyingi tunazonunua ni za mitumba. Meno yanaweza kuwa mazima na mpira umezeeka. Tafuta ubavuni herufi DOT, utazame tarakimu nne za mwisho: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Iliyopita miaka kumi usiinunue hata kwa bei ya kutupa, na yenye nyufa ubavuni usiinunue hata ikiwa changa. Upepo pima asubuhi kabla gari haijatembea, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Tairi ya akiba nayo ipimwe. Kama yako ni ile nyembamba ya muda, nyingi huandikwa upepo wa PSI 60, na haitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa.

Ukiwa na safari ya kuwahi meli Mkoani, au unapita msitu wa Ngezi kwenda Kigomasha ambako nyumba ni chache, pakia usiku, si asubuhi. Jeki na spana yake vijaribiwe kwenye nati zako mwenyewe. Ongeza ule ubao, dumu la maji safi lita tano, tochi yenye moto, glavu, kitambaa, waya za kuazimia moto, reflekta ya pembetatu na simu iliyochajiwa. Petroli ya akiba ndani ya chupa ya maji usiichukue, na ikikuishia usiifyonze kwa mdomo kutoka gari nyingine. Tone likiingia pafuni ni hospitali.

Masika, maji yakikata barabara, simama uone gari nyingine inapita mpaka wapi. Injini ikizimika ndani ya maji usiipige stata tena. Maji yakishaingia kwenye silinda hayabanwi, na kinachopinda ni chuma cha ndani. Isukumeni mpaka pakavu.

Ukiharibikiwa, toa gari nje ya lami kadiri iwezekanavyo, ila msimu wa karafuu tazama kwanza kando: pale pana majamvi yameanikwa, na tone la oili juu ya karafuu ni jasho la mtu limepotea. Oili chafu ya nyumbani nayo iweke kwenye dumu uipeleke gereji, isimwagwe uani, kwa sababu kisima cha jirani kinakunywa kutoka udongo huohuo. Weka pembetatu nyuma ya gari hatua hamsini au zaidi, na kwenye kona au kilele cha kilima iwe kabla ya kona au kilele hicho. Kama huna, kata matawi mabichi uyapange, kama tulivyozoea.

Gari ikishawaka, kabla hujaketi kwenye usukani, rudi nyuma uyaokote matawi yote na yale mawe uliyozuilia magurudumu, uyatupe mbali na lami. Usiku mwenye pikipiki hayaoni.