Kuchagua zamu ya pili ya chakula cha usiku kwenye meli ya kitalii ukiwa na watoto: hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kupangia watu safari hapa Dodoma, na juzi nimekaa na dada mmoja wa Ilazo anayeenda na mumewe, watoto watatu na bibi yao kwenye meli ya kitalii inayoanzia Barcelona. Viza kamaliza, tiketi kamaliza, kilichomkwamisha ni kisanduku kimoja kwenye fomu: mtakula zamu ya kwanza au ya pili? Kasoma kwenye intaneti mpaka macho yamechoka na karibu kila anayeandika huko anamwambia mwenye watoto achukue ya kwanza. Nikamwambia dada, hao wanaoandika hivyo watoto wao saa moja na nusu usiku wameshalala, wa kwako saa hiyo ndo kwanza anakusubiri utoke kazini Mtumba. Tukachukua ya pili. Hivi ndivyo tulivyofanya, na ndivyo ninavyowafanyia wengine.

Hatua ya 1: Jua meli yako inakulaje

Meli nyingi kubwa zina ukumbi mkuu wa chakula ambao umeshaulipia kwenye nauli. Watu wanagawanywa zamu mbili, ya kwanza huanza kati ya 17:30 na 18:00, ya pili kati ya 20:00 na 20:30 hivi, mnakaa meza ileile na mnahudumiwa na watu walewale kila usiku. Kampuni ya meli ya Disney wao wanakuhamisha ukumbi usiku hadi usiku lakini wahudumu wenu wanahama na nyie. Royal Caribbean na Carnival wanakupa pia chaguo la muda huru, yaani unakwenda unapotaka. Kampuni ya Norwegian hawana zamu kabisa, kwa hiyo kama ni wao mnaosafiri nao hatua nyingi hapa chini ruka tu.

Muda huru unasikika vizuri ila mi siupendi kwa wenye watoto. Foleni ipo, na kila usiku mhudumu anaweza kuwa mwingine, inabidi uanze upya kueleza kwamba huyu anakula wali mkavu bila mchuzi na yule karanga hagusi. Kwenye zamu, ukifika usiku wa tatu mhudumu anakuja na wali mkavu hata hujaagiza.

Hatua ya 2: Geuza saa, alafu geuza tena

Hapa usiharakishe. Muda wa meli unaandikwa kwa saa 24 au kwa mtindo wa kizungu, 20:15 au 8:15, na nimeshaona baba mtu mzima anasoma 8:15 anaelewa saa nane na robo mchana, akaanza kulalamika mbona chakula cha usiku kinaliwa mchana. Kwa hiyo chukua karatasi uandike kwa saa zetu: 17:45 ni saa 11:45 jioni, 20:15 ni saa 2:15 usiku. Ukishaandika hivyo tu, mzazi wa Dodoma anaanza kuona picha yenyewe. Saa kumi na moja na dakika 45 jioni nani anakula chakula cha usiku hapa? Mtoto ndo anatoka tuisheni. Saa mbili na robo taarifa ya habari inaendelea na ugali uko mezani, yaani zamu ya pili ndo muda wetu wa kila siku.

Ila sasa, hiyo ni saa ya ukutani. Tumbo na usingizi wa mtoto vinabaki na saa ya Dodoma siku kadhaa za mwanzo, kwa hiyo unageuza mara ya pili, na jibu linategemea meli inaanzia wapi:

Dubai iko mbele yetu saa moja. Huko 20:30 ni 19:30 ya Dodoma, mtoto yuko macho kabisa, zamu ya pili chukua bila kufikiria.

Durban iko nyuma yetu saa moja mwaka mzima. 20:15 yao ni 21:15 yetu. Kwa mtoto wa miaka saba aliyezoea kulala saa tatu na nusu au saa nne inawezekana, ilimradi mchana alilala kidogo.

Barcelona, Genoa, Civitavecchia na bandari nyingine za upande huo wa Mediterania, kipindi cha joto wako nyuma saa moja, kipindi cha baridi saa mbili. Hapa kuna mambo mawili. Kwanza, meli zinazobeba Wahispania na Waitaliano wengi husogeza zamu zote mbele, ya pili inaweza kukaribia 21:00 au hata kupita, kwa hiyo usikariri 20:15 niliyoandika mimi, angalia kwenye karatasi yako ya bukingi. Pili, mwezi wa sita Barcelona jua linazama baada ya saa tatu usiku. Watoto wetu wamezoea giza linaingia saa moja jioni mwaka mzima, wakiona kweupe wanajua bado ni muda wa kucheza, hakuna atakayekubali kulala. Mimi hilo nalihesabu upande wa zamu ya pili, kwa sababu hata ukiwalisha mapema kitandani hawaendi.

Miami na Marekani ya mashariki kwa jumla ndiko kwenye kazi. Wako nyuma yetu saa saba wakati wao wamesogeza saa mbele, na saa nane wakiirudisha. 20:15 ya Miami mwezi wa saba ni saa 9:15 usiku wa manane Dodoma, na mwezi wa kwanza ni saa 10:15 alfajiri. Mtoto aliyetoka juzi hawezi. Atalala kwenye kikapu cha mikate. Huko nawaambia wafike siku mbili tatu kabla ya meli kuondoka, mwili uanze kuzoea, na kama likizo ya kazini hairuhusu basi chukueni zamu ya kwanza na nisisikie kelele.

Na jambo la simu. Meli ina saa yake, na saa ya meli siyo lazima ifanane na ya nchi mliyotia nanga. Simu ikishika mnara wa nchi kavu inajibadilisha yenyewe, unakuja kula mmebaki peke yenu ukumbini, au vibaya zaidi mnarudi bandarini meli imeondoka. Zima ule mpangilio wa saa kujiweka yenyewe, weka kwa mkono saa ya meli, na mpe bibi saa ya kawaida ya mkononi. Mimi saa ya mshale ya bei rahisi naiamini kuliko simu yoyote kwenye safari hizi. Kuna usiku meli inasogeza saa mbele au nyuma, wanaandika kwenye karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani au kwenye programu yao ya simu, soma hiyo kila jioni.

Hatua ya 3: Angalia umri

Chini ya miaka mitatu, zamu ya kwanza. Miaka mitatu hadi mitano inategemea kama analala mchana. Kuanzia sita, zamu ya pili inawafaa.

Hatua ya 4: Angalia siku za bandarini

Meli nyingi zinakaa bandarini mpaka saa kumi na moja, kumi na mbili jioni. Mkitoka kutembea mnarudi mmejaa jasho na mchanga, mtoto mmoja kapoteza ndala, na wa zamu ya kwanza wanaitwa mezani muda huohuo. Wa zamu ya pili anaoga, analala nusu saa, na mara nyingi shoo ya ukumbini anaitazama kabla ya kula, wakati watoto bado wana nguvu za kupiga makofi. Ratiba ikiwa na siku nyingi za bandari, mi naona hata hakuna mjadala.

Hatua ya 5: Omba zamu, unganisha bukingi, alafu hakikisha

Hii ndiyo iliyonila siku nzima kwenye simu na yule dada, kwa hiyo nisamehe nikiongea sana.

Kwenye fomu soma vizuri unachobonyeza. Disney kwa mfano, ile wanayoiita "main" ndiyo ya mapema, ya usiku wameiita "second". Mtu anaona "main" anadhani ndo ile kubwa ya usiku, anabonyeza, kwisha. Usiangalie jina, angalia saa.

Kama mmekata vyumba viwili, mfano nyie chumba kimoja, bibi na mjukuu mkubwa chumba kingine, mkapewa namba mbili tofauti za bukingi, kompyuta yao haijui kwamba nyie ni familia moja. Unaweza kuta baba na mama wako zamu ya pili na bibi zamu ya kwanza meza na watu asiowajua. Lazima uombe namba hizo ziunganishwe kwa ajili ya chakula. Kuunganisha peke yake hakutoshi kila mara, kuna kampuni, jina naliacha, walitwambia tayari zimeunganishwa, kumbe zimeunganishwa kwenye orodha ya wasafiri tu, kwenye meza hapana. Uliza kwa maneno haya haya: namba hizi mbili zina zamu moja na meza moja? Alafu omba wakutumie uthibitisho mpya kwa imeili na usome zamu iliyoandikwa kwa kila namba.

Kama ulikatiwa na wakala, usipoteze vocha kupiga kampuni moja kwa moja. Mara nyingi watakwambia bukingi iko chini ya wakala, abadilishe yeye. Mtafute wakala wako, awe wa Dodoma awe wa Dar.

Kama zamu imejaa wanakuweka kwenye orodha ya kusubiri. Kwenye meli zenye watoto wengi zamu ya kwanza ndiyo hujaa haraka, kwa hiyo kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni rahisi kuliko kurudi. Maana yake, ukiwa kweli hujaamua, kamata ya kwanza, utahama baadaye. Isipokuwa hizi za Mediterania zenye Wahispania wengi, wao wanaipenda ya usiku, huko iombe mapema. Ukibadilisha zamu meza nayo inaweza kubadilika, mlikuwa na meza ya watu sita peke yenu mkajikuta meza ya kumi na familia nyingine, kwa hiyo rudia kuomba meza yenu.

Na mkifika melini bado mnapangwa vibaya, siku hiyohiyo ya kupanda, mchana, kabla hata ya kwenda kuogelea, nenda ukamwone mkuu wa mgahawa. Ratiba ya siku inaonyesha anakaa wapi na saa ngapi kwa ajili ya mabadiliko. Nenda na bibi. Siyo utani, mzee akisimama pale na mkongojo anaulizia wajukuu zake, meza inapatikana.

Hapohapo taja mambo ya chakula. Kama hamli nguruwe, au mtoto ana mzio wa karanga au maziwa, mlipaswa kusema wakati wa kukata, na unarudia kwa mkuu wa mgahawa, na unarudia kwa mhudumu wa meza usiku wa kwanza.

Hatua ya 6: Walishe saa kumi na moja

Zamu ya pili bila hiki kitu haiendi. Saa kumi na moja jioni wapeleke kwenye bafe, wapate kitu kidogo, kipande cha piza, matunda, supu. Kidogo. Wasishibe, maana wakishiba mezani watachezea uma. Hapo familia nyingi zinaharibu, zinampa mtoto chipsi sahani nzima alafu usiku wanamgombeza hali.

Hatua ya 7: Mezani

Mkikaa tu, agiza vya watoto kwanza, na uombe viletwe pamoja na vianzio vya wakubwa. Wahudumu wanalijua hilo, ni kusema tu. Chakula kamili kinachukua saa moja na nusu mpaka mbili, mtoto wa miaka mitano hakai muda huo hata umfunge kamba. Disney kwenye zamu ya pili wana huduma ya walezi wa klabu ya watoto kuja kuwachukua ukumbini wakishamaliza kula, wazazi mnabaki na kahawa yenu, ila mtoto awe ameshasajiliwa klabu, awe ametimiza miaka mitatu na hatumii nepi. Kwenye meli nyingine mzazi mmoja anatoka nao. Pangeni zamu zenu wenyewe, leo baba, kesho mama, asitoke mama kila siku.

Usiku wa kuvaa rasmi msihangaike kununua suti za watoto. Kitenge kilichoshonwa vizuri kinatosha, na watu watawaomba picha.

Hatua ya 8: Usiku wa mwisho

Usiku wa mwisho mabegi makubwa yanatakiwa kuwa nje ya mlango wa chumba kabla ya muda waliopanga, mara nyingi ni kati ya saa nne na saa sita usiku, ili yashushwe. Wa zamu ya pili anatoka mezani saa nne. Kwa hiyo fungasheni kabla ya kwenda kula, na mbakize chumbani nguo za kesho za kila mtoto, viatu, dawa na pasi zote za kusafiria. Viatu hasa, hesabu jozi kabla begi halijatoka.