Kabla Hujanyoosha Mkono Kwenye Kikao cha Wazazi

Karatasi inakuja ndani ya daftari la mtoto, mara nyingi Jumatano: kikao cha wazazi Jumamosi saa tatu asubuhi, ajenda ni chakula, mlinzi na mengineyo. Tunaikunja, tunaitia kwenye pochi. Kikao kinaanza saa nne na nusu jua limeshachoma. Mwenyekiti anasema kamati imependekeza kiasi fulani kwa kila mtoto, wanaoafiki wanyooshe mikono. Mikono inapanda, kwisha. Manung'uniko yanaanza mwezi wa pili, sokoni na kwenye daladala, ambako hakuna katibu wa kuyaandika.

Mimi nauza mahindi na maharage Mbuyuni hapa Moshi, na wanangu wako shule ya msingi ya serikali. Hesabu ya chakula siiachi ipite hivihivi. Hata ukiwa na simu ya kitochi, kikokotoo kimo.

Anza kwa kujua unapigia kura nini. Mishahara ya walimu inalipwa na serikali. Ada haipo. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kuna pia ruzuku ya uendeshaji, ambayo kwa shule ya msingi kiwango chake kilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 kati ya hizo zikatengwa kwa vitabu, 6,000 ziende shuleni. Gawa kwa miezi 12 unapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Haiwezi kulisha mtu. Ruzuku hiyo hatuipigii kura, ila omba isomwe: imeingia kiasi gani, imefanya nini. Kinachobaki mikononi mwetu ni michango, yaani chakula cha mchana, mpishi, mlinzi, pengine maji. Na mchango ni makubaliano. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa. Atakayekuambia vinginevyo, muombe akuonyeshe waraka.

Siku mbili tatu kabla ya kikao, nenda shuleni uombe kuona mchanganuo. Nenda peke yako au na mzazi mmoja, msiende kundi. "Mwalimu, pole na kazi, naomba niione bajeti ya chakula ili Jumamosi tusipoteze muda." Mwalimu mkuu akiwa na shughuli, mtafute mjumbe wa kamati ya shule aliye mtaani kwako, wajumbe wazazi tuliwachagua wenyewe. Ukikuta jumla tu bila mchanganuo, umeshapata swali lako la kwanza.

Sasa chakula, maana ndipo pesa ilipo. Uliza mambo matatu: watoto wangapi, gramu ngapi kwa mtoto, siku ngapi. Siku za masomo kwenye kalenda huwa 194. Tuseme shule ina watoto 600 na imepanga gramu 150 za mahindi na 50 za maharage. Mahindi ni kilo 90 kwa siku, kwa mwaka kilo 17,460, kama magunia 175 ya kilo mia. Ukirudisha kwa mtoto mmoja ni kilo 29 za mahindi na karibu kilo 10 za maharage. Hizo unaweza kuziona kwa macho: debe moja na nusu na kidogo juu, na sado tatu hivi, yale makopo ya kupimia sokoni, za maharage. Piga kwa bei ya soko ya wiki hiyo, ongeza kusaga, kuni, chumvi, mafuta na mpishi. Ikikaribiana na mchango uliopendekezwa, nyoosha mkono kwa moyo mweupe. Mchango ukizidi sana hesabu yako, uliza. Ukipungua sana uliza pia, kwa sababu bajeti ndogo mno maana yake uji mwepesi mwezi wa tisa.

Maswali mengine ambayo mtu wa nafaka huyauliza. Gunia ni la kilo ngapi, linapimwa kwenye mizani au kwa macho? Ni dona au sembe? Mahindi yakikobolewa yanabaki pumba, na pumba zina wateja, wafugaji wanazigombea. Pesa ya pumba imeandikwa mstari gani? Sijawahi kuuliza hili bila watu kucheka kwanza, halafu wakanyamaza wasikie jibu.

La muhimu kuliko yote ni lini mnanunua. Huku kwetu mahindi ya masika yanavunwa kuanzia Julai, Agosti, na bei hushuka. Januari na Februari, wakati sare na daftari zimeshatumaliza, ndipo yanapokuwa ghali, na ndipo shule nyingi zinapokusanya mchango. Pendekeza sehemu ya ununuzi ifanyike Agosti, au mwenye shamba aruhusiwe kuleta mahindi badala ya pesa. Yawe makavu kweli, yakaguliwe yasiwe na ukungu, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, na yahifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wasiyamalize. Hapo mfanyabiashara kama mimi nauza kidogo Januari, lakini nina watoto pale.

Ukifika kwenye kikao, usisubiri mengineyo. Watu wanakuwa wameshaanza kuondoka. Simama mapema useme: "Mwenyekiti, naomba tupitishe kifungu kimoja kimoja." Ndiyo silaha yako kubwa. Jumla ikipigiwa kura kwa mkupuo, anayetaka chakula analazimika kumeza na kitu asichokitaka. Omba pia mikono ihesabiwe, ya wanaokubali na ya wanaokataa, na mahudhurio yatajwe.

Wengine wanaogopa kwamba wakikataa, shule itafungwa. Haifungwi. Hata jimbo la New York kule Marekani, ambako wananchi hupigia kura bajeti ya shule za wilaya yao Jumanne ya tatu ya Mei, ikikataliwa mara mbili shule zinaendelea kwa bajeti ya dharura yenye masharti. Sisi tukikataa kifungu cha mlinzi, walimu wataingia darasani vilevile Jumatatu. Kamati itarudi na hesabu nyingine.

Kabla ya kutawanyika, hakikisha katibu ameandika kiasi, kazi yake, mwisho wa kulipa, na namna ya kumsaidia asiyeweza. Hili la mwisho lisemwe wazi, lisiachwe kwa huruma ya mtu. Lipa kwa risiti, usimpe mtoto pesa mkononi. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Yasipobandikwa, kumbusha kamati, kisha afisa elimu kata, kisha halmashauri, kwa mpangilio huo. Na omba tarehe ya taarifa ya nusu mwaka iingie kwenye muhtasari siku hiyohiyo, kabla ya likizo ya Juni.