Kuunda picha kubwa zinazosogea bila kuishiwa na kumbukumbu ya kompyuta

Picha zangu nyingi ninazipiga juu ya paa mjini Lamu, kamera ikielekezwa kwenye mkondo unaotenganisha Lamu na Manda, kisha ninaziunganisha katika faili moja ya GIF ili majahazi yaonekane yakipita na matanga yao. Mara ya kwanza nilikuwa na picha 200 za JPEG, kila moja ikiwa na megabaiti 8 hivi, nikaamini kwamba kompyuta yenye kumbukumbu ya kazi (RAM) ya gigabaiti 4 ingezibeba bila taabu. Nilipozifungua zote pamoja kwa ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa kuandika amri, kompyuta iliganda hata kipanya hakikusogea, kwa sababu nilikuwa nimepima uzito wa faili badala ya kuhesabu pikseli, yaani nukta za rangi zinazounda picha.

Hatua ya kwanza: piga hesabu kabla ya kuanza. Faili ya JPEG imebanwa, na programu inapoifungua huikunjua yote. Picha yenye upana wa pikseli 6000 na kimo cha 4000 ina pikseli milioni 24. ImageMagick ya aina ya Q16 (inayotunza kila rangi kwa biti 16) hutenga baiti 8 kwa kila pikseli, na ile yenye HDRI (inayotunza rangi kwa namba za desimali) huweza kuhitaji maradufu. Amri ya `magick -version` itakuonyesha unayo ipi. Kwa hesabu ya baiti 8, picha moja huchukua megabaiti 192, na picha 200 huchukua gigabaiti 38.4.

Hatua ya pili: punguza picha moja moja. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukiorodhesha picha zote katika amri moja kisha ukaweka `-resize` baada yake, programu husoma kwanza picha zote kwa ukubwa wake kamili, ndipo ianze kuzipunguza. Kumbukumbu huwa imekwisha kabla ya kazi kuanza. Tumia mogrify, amri ya ImageMagick ambayo hufungua picha moja, ikaipunguza, ikaihifadhi, kisha ikaiendea nyingine:

`mkdir ndogo`
`magick mogrify -path ndogo -resize 600x400 *.jpg`

Upana umepungua mara kumi na kimo vilevile, kwa hiyo hitaji la kumbukumbu limepungua mara mia: picha zote 200 sasa zinahitaji megabaiti 384. Ikiwa chombo kinakwenda polepole, kama jahazi lililokosa upepo, ondoa pia picha moja katika kila mbili. Mtazamaji hataona pengo, nawe utaokoa nusu ya kilichobaki.

Hatua ya tatu: usikimbilie kuongeza mipaka. Ukiona ujumbe wa `cache resources exhausted`, maana yake ni kwamba kazi imegonga mipaka iliyoandikwa katika faili ya policy.xml, ambayo unaweza kuisoma kwa `magick identify -list resource`. Kuna wanaoshauri mipaka hiyo ipandishwe mara moja, nami sikubaliani nao, kwa kuwa RAM haiongezeki kwa kubadilisha tarakimu: programu itahamishia pikseli kwenye diski, na kazi ya dakika chache itachukua saa nzima.

Hatua ya nne: unganisha kwa FFmpeg, programu ya kutengeneza video na picha zinazosogea, kwa awamu mbili. Kila fremu ya GIF, yaani kila picha moja ndani yake, haiwezi kuwa na rangi zaidi ya 256, na bahari ya jioni ina rangi nyingi kuliko hizo, hivyo awamu ya kwanza huchagua rangi zinazofaa na ya pili huzitumia:

`ffmpeg -framerate 10 -pattern_type glob -i 'ndogo/*.jpg' -vf palettegen rangi.png`
`ffmpeg -framerate 10 -pattern_type glob -i 'ndogo/*.jpg' -i rangi.png -lavfi paletteuse jahazi.gif`

Ipo njia ya kufanya yote kwa amri moja kwa kutumia kichujio cha split, kinachogawa picha katika mikondo miwili, lakini njia hiyo hulazimika kushikilia fremu zote kwenye kumbukumbu mpaka rangi zipatikane, na tatizo tulilolikimbia hurudi. Awamu mbili husoma picha mara mbili, ila RAM hubaki na nafasi.

Hatua ya tano: punguza uzito wa faili. Kwa programu ya gifsicle, inayopunguza faili za GIF, andika `gifsicle -O3 jahazi.gif -o jahazi-nyepesi.gif`. Kamera ikiwa haikutikisika, sehemu zisizobadilika, kama ufuo wa Manda kule nyuma, hazihifadhiwi upya katika kila fremu. Ikitikiswa na upepo, karibu kila pikseli hubadilika, na hatua hii haitasaidia sana. Ndiyo maana miguu ya kamera huifunga kwa kamba kwenye ukingo wa paa kabla sijapiga picha ya kwanza.