Anza sosholojia na orodha ya mchango wa harusi

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huniletea daftari zilizojaa maana: kaida ni hivi, hadhi ni vile. Wamekariri vizuri. Mwambie mmoja akuoneshe kaida moja, yaani kanuni ya kijamii isiyoandikwa, iliyomgusa wiki hii, anaangalia dari. Kwa hiyo mimi huanza na tukio, dhana zinafuata. Tukio lenyewe ni mchango wa harusi wa hapa Tanzania, maana karibu kila mtu ana kundi la WhatsApp la kamati fulani kwenye simu yake, apende asipende.

Hatua ya 1: Andika unachokiona, hukumu iache

Fungua orodha ya wachangiaji. Mstari mmoja husomeka, kwa mfano: "Mama Asha, ahadi 100,000, ametoa 50,000, baki 50,000." Andika nani anaituma, inatumwa mara ngapi, nani anajibu "nipo kwenye mchakato", nani anajitoa kundini kimyakimya. Usiandike "watu wanapenda sifa". Ukianza na hukumu, hutaona kingine.

Hatua ya 2: Tafuta nguvu inayokusukuma

Hapa kaa sana, kwa sababu ndipo somo lilipo. Mwaka 1895 Mfaransa Émile Durkheim alieleza kwamba kinachochunguzwa na sosholojia ni ukweli wa kijamii: namna za kutenda, kufikiri na kuhisi zilizo nje ya mtu mmoja mmoja, na zenye nguvu ya kumshurutisha.

Ipime nguvu hiyo kwa kukataa kuchanga (kichwani tu, usijigombanishe na ndugu). Hakuna sheria ya nchi inayokudai. Polisi hawaji. Hata hivyo unaandika ahadi huku mfukoni hakuna kitu. Nani kakulazimisha? Bwana harusi naye hakuubuni utaratibu huu. Mhazini anayekukumbusha leo, kesho anakumbushwa kwingine. Huna wa kumnyooshea kidole, lakini ukikaidi utaisikia: shangazi atapiga simu, na mtu atasema "na yeye siku yake ipo". Hizo ni adhabu zisizo rasmi. Thawabu nazo zipo: anayetoa zaidi hupewa kadi ya dabo, ya kuingia watu wawili.

Sasa tenganisha thamani na kaida, wengi huzichanganya. Thamani ni kile ambacho jamii inakiona chema, mathalani undugu. Kaida ni maelekezo ya kukitenda. Ukiweza kukiandika kama agizo, "maliza ahadi wiki mbili kabla ya shughuli", umeshika kaida.

Hatua ya 3: Panga watu kwa hadhi na majukumu

Ralph Linton, mwanaanthropolojia wa Marekani, mwaka 1936 alitofautisha hadhi (nafasi ya mtu katika jamii) unayopewa bila kuitafuta na hadhi unayoipata kwa juhudi au kwa kuchaguliwa. Ushangazi umepewa, uhazini umechaguliwa kwenye kikao. Kila hadhi ina majukumu yake, na majukumu hugongana. Mtazame mhazini ambaye mdaiwa wake ni dada yake mkubwa. Kundini anawataja wengine wote kwa majina, lakini dada yake anampigia simu yeye mwenyewe, pembeni.

Hatua ya 4: Uliza mchango unafanya kazi gani, kisha nani anaumia

Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1949 alitenga dhima (kazi ambayo jambo hufanya katika jamii) dhahiri na dhima fiche. Dhahiri ni kulipia ukumbi, chakula na MC. Fiche ni ile ambayo mwenyekiti haitaji kwenye kikao: kujua nani bado ni wa kwenu, na kuacha deni la wema litakalorudishwa siku ya mwanao.

Karl Marx, Mjerumani aliyechambua matabaka ya wenye mali na wafanyakazi, angekuelekeza kwenye kiwango cha chini cha mchango. Kikiwa 50,000 kwa mkurugenzi na kwa mlinzi wa geti, je, mzigo ni mmoja? Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, angekukumbusha kuwa pesa na heshima haviendi pamoja kila mara: babu asiyetoa senti anakaa meza ya mbele. Usichague nadharia kama unavyochagua Simba au Yanga. Zitumie zote juu ya orodha ileile, uone kila moja inafichua nini na inaruka nini.

Hatua ya 5: Toka kwenye mfuko wako

C. Wright Mills, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1959 alitofautisha shida za mtu binafsi na masuala ya umma. Wewe kukwama na ahadi ni shida yako. Nusu ya ofisi ikikopa ili ichange, hilo ni suala la umma, na majibu yake yatafute kwenye mishahara, bei za kumbi na maisha ya mjini, si kwenye tabia ya mtu.

Hatua ya 6: Linganisha na msiba

Chukua daftari la rambirambi, rudia hatua ya 1 hadi ya 5. Angalia hasa mambo matatu: kama kuna kiwango cha chini, kama asiyetoa anakumbushwa, na anakumbushwa mbele ya nani.